Bi Nipishe na Swali la Kompyuta

Jina la Bi Nipishe tulimpachika sisi, wala hakuna aliyemwuliza kama analitaka. Mlangoni kwake pameandikwa kwamba ni ofisa wa kompyuta, lakini herufi mbili zimeshadondoka na hakuna anayehangaika kusoma zilizobaki. Ukikwama unampigia simu. Atakuja akiburuza ndala, maana viatu vya ofisini huvivua akishafika, na miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi. Atasimama nyuma ya kiti chako, atashusha pumzi, halafu atasema, "Nipishe." Unainuka. Anakaa palepale ulipopapasha joto, anabonyeza vitu vinne vitano, anaondoka. Kompyuta imepona. Wewe hujajifunza kitu, yeye hajakueleza kitu, na keshokutwa utamwita tena kwa tatizo lilelile.

Simlaumu. Jengo zima lina mtu mmoja wa kazi hiyo, na sisi ni watu wa kuchosha. Nasema hivyo nikijihesabu na mimi.

Tuko kwenye bohari ya dawa. Dawa zinaingia nyuma kwa malori makubwa, zinapangwa kwenye rafu zinazofika darini, kisha zinatoka mbele kwa malori madogo kwenda hospitali na zahanati. Mimi ni karani wa usafirishaji, na meza yangu iliwekwa na mtu asiyenipenda: kushoto mlango wa chumba cha baridi, kulia geti la kupakilia, kiasi kwamba bega moja linaganda huku lingine linaungua. Faida yake ni moja tu, kwamba hakuna jambo linalonipita.

Zamani kila programu ilikuwa na neno lake la siri. La barua mbali, la akiba ya dawa mbali, la magari mbali, la joto la chumba cha baridi mbali. Watu waliyaandika chini ya kibodi, kwenye kalenda, na mpakizi mmoja aliliandika lake kwa kalamu ya wino mzito kwenye ubavu wa kiatu. Bi Nipishe ndiye aliyetuletea utaratibu wa kuingia mara moja. Asubuhi unaandika neno lako la siri, basi, programu zote zinakufungulia bila kukuuliza tena mpaka unaondoka. Tulimshukuru kwa wiki moja, kisha tukasahau kwamba kuna wakati mambo yalikuwa vingine.

Halafu Mama Chanjo akabonyeza.

Mama Chanjo ndiye msimamizi wa chumba cha baridi. Ni mwanamke mnene, mpole, anayevaa koti zito mwaka mzima na kumwita kila mtu mwanangu, hata meneja. Mwaka juzi lilimtokea tangazo kwenye skrini likidai kwamba akaunti yake itafungwa asipothibitisha. Akathibitisha. Tangazo lilikuwa la wezi, na kwa kuwa ufunguo wetu ulikuwa mmoja, wezi waliingia mlango mmoja wakajikuta wamepata nyumba nzima. Kompyuta zote zikazimwa. Tukaandika kwa mkono mpaka vidole vikaota sugu. Chanjo za watoto zikakaa bila mtu wa kuthibitisha joto lake, na nyingi zikaharibika. Mama Chanjo alizibeba mwenyewe hadi kwenye tanuri la kuchomea, boksi baada ya boksi, akilia waziwazi. Meneja alimwambia mbele yetu sote kwamba siku nyingine akikwamisha mzigo wa chumba kile kwa sababu ya kompyuta, ajue unga wake umemwagika. Na mama wa watu alikuwa amekaribia kabisa kustaafu.

Baada ya pale Bi Nipishe alibandika karatasi kwenye kila ukuta, hadi chooni: HUKUIITA, USIIGUSE. Alipita idara kwa idara akituimbisha maneno hayo kama watoto wa chekechea, na yalituingia kweli. Nyumbani kwangu mke wangu anayatumia kwa vyungu vyake.

Mwaka huu ikaja kanuni mpya. Meneja alituita kantini akatueleza kwa kifupi, kwa sababu hata yeye hakuipenda. Serikali imeona kwamba akaunti ya mtu ni ya mtu, na kompyuta haina ruhusa ya kuichukua na kuitumia kufungua programu nyingine bila kumwuliza mwenyewe. Kwa hiyo kuanzia mwanzo wa mwezi, kila programu ikifunguliwa kwa mara ya kwanza, litatokea swali: unakubali kuingia hapa kwa akaunti yako ileile? Chini yake kuna Ndiyo na Hapana.

"Ofisa wa kompyuta atawaandaa," meneja akamaliza, akaenda zake.

Nilimtazama Bi Nipishe. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, macho kayafumba. Nilimwonea huruma. Hebu fikiria kazi aliyopewa. Miaka miwili ametukaririsha kwamba likitokea tangazo lenyewe, likitaka ukubali kitu kuhusu akaunti yako, kimbia. Sasa azunguke upya kutuambia kwamba litatokea tangazo lenyewe, litataka ukubali kitu kuhusu akaunti yako, na usikimbie.

Alianza na wapakizi. Alikuwa amechapisha picha kubwa ya lile swali, akaishika mbele ya kifua.

"Si ulisema tusiguse?" mmoja akauliza.

"Nilisema."

"Sasa unasema tuguse."

"Hili moja tu. Hili tumeambiwa mapema kwamba litakuja."

"Na wezi wakichora linalofanana?"

"Hili halikuombi neno la siri wala namba ya simu. Linakuuliza ndiyo au hapana, na jina lako lipo chini. Likikuomba kitu kingine, niite."

"Kwa hiyo tuguse."

"Mguse."

"Lakini ile karatasi ukutani bado ipo."

Bi Nipishe aligeuka akaitazama. Ilikuwepo kweli, juu ya kichwa chake, kwa herufi nyekundu. Akaibandua, na rangi ya ukuta ikabanduka nayo.

Kwa madereva ilikuwa vituko. Dereva Mkuu, ambaye hawezi kusikia jambo bila kulitia chumvi, alisema, "Dada, mimi niliulizwa mara moja tu maishani, siku ya ndoa, nikasema ndiyo. Mke wangu akianza kuniuliza kila mlango kama bado namkubali, nitahamia kwenye lori." Watu wakavunjika mbavu. Zamani Bi Nipishe angemrudishia neno ambalo angelikumbuka wiki nzima. Safari hii alingoja tu wamalize kucheka, akaanza upya pale alipoachia.

Mama Chanjo alimsikiliza mara mbili, akitikisa kichwa kwa adabu. Mwisho akasema, "Mwanangu, hilo neno Ndiyo lilinitosha mwaka ule." Akafunga vifungo vya koti akarudi kwenye baridi yake.

Zikabaki siku chache mwezi uanze, likafanywa jaribio. Swali lilitokea kwenye kompyuta zetu baada ya chakula cha mchana, na tangu hapo simu ya Bi Nipishe haikunyamaza. Mtu wa akiba ya dawa alichomoa waya ukutani. Dada wa mapokezi alifunika skrini kwa koti lake akatoka nje. Mimi mwenyewe, niliyejiona mjanja, mkono ulibaki hewani juu ya mausi, nikasikia sauti kichwani ikisema hukuiita, usiiguse. Sauti ilikuwa ya Bi Nipishe. Tumeandaliwa, tumeonyeshwa picha, tumejibu kwa kiitikio, na bado hakuna aliyebonyeza.

Nilimwona akiingia mlangoni akichechemea, ndala moja imekatika. Hakusema hodi.

"Nipishe," akaniambia.

Nikapisha. Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo, akainuka. Akaenda meza ya pili. Alizunguka jengo zima hivyo hivyo, na kwa Mama Chanjo alibonyeza huku mama mwenyewe amesimama amegeukia ukutani, hataki hata kuona. Kufikia saa ya kutoka sote tulikuwa tumekubali. Bi Nipishe akaketi kwenye boksi la dripu mbele ya meza yangu, jambo lisiloruhusiwa, akanyoosha miguu.

"Imekwisha," akasema.

Haikuwa imekwisha. Asubuhi yake akaja mkaguzi, msichana mpole mwenye sauti ya chini, aliyetumwa kuangalia kama kanuni inafuatwa. Aliomba kuongea na mfanyakazi yeyote, na bahati mbaya aliyekuwa karibu ni Dereva Mkuu.

"Ulipoulizwa na kompyuta, ulikubali mwenyewe?"

"Mimi?" Dereva Mkuu akatunisha kifua. "Hata sikuiona. Bi Nipishe alinikubalia. Alitukubalia wote. Huyu dada si mvivu kama wengine."

Alisema kwa kusifia, kwa moyo mweupe. Mkaguzi akamgeukia Bi Nipishe, naye akawa anatazama ndala zake.

"Basi hakuna aliyekubali," mkaguzi akasema bila ukali. "Kanuni nzima inahusu hilo, kwamba asiwepo mtu wa kumjibia mwenzake. Na mliwaambia kwamba wanaweza kukataa?"

"Kukataa?"

"Anayekataa ataandika neno la siri kwenye kila programu. Ni haki yake, na asiadhibiwe kwa hilo."

Majibu yetu yote yakafutwa. Swali litatokea upya siku yenyewe ya kanuni kuanza, na meneja hakufurahi hata kidogo. Alisimama katikati ya bohari akatangaza kwamba siku hiyo mzigo wa chanjo lazima utoke kabla jua halijakolea, na kwamba kama chumba cha baridi kitakwama, anajua la kufanya. Hakumtaja mtu. Mama Chanjo alikuwa anapanga maboksi, akaendelea kupanga.

Mchana huo nilimkuta Bi Nipishe kantini, chai imepoa mbele yake. Nikakaa bila kukaribishwa.

"Umechoka, dada."

"Nimechoka vibaya sana," akasema. "Nilichoka kuwafundisha muogope, nikachoka kuwafundisha msiogope. Na nikifika nyumbani napo ni kazini." Mumewe yuko mbali kwenye kazi za ujenzi, kwa hiyo anaishi na mama mkwe. "Jana mama mkwe ananiambia mwanawe amemkasirikia. Kila akipiga simu ya picha anaongea kidogo tu anakata, uso umekunjamana. Nikaichukua simu. Unajua nimekuta nini? Simu ilimwuliza kama inaruhusiwa kutumia kamera, akakataa. Nani alimfundisha kukataa kila kinachouliza? Mimi. Mume wangu mwezi mzima anaongea na giza, anadhani mama yake anaumwa na anamficha."

"Ukairekebisha."

"Nikamwambia nipishe, mama. Akaninyang'anya simu." Bi Nipishe akatabasamu kidogo, tabasamu la kwanza tangu wiki ile ianze. "Akasema, 'Kila siku nipishe, nipishe. Nitakupisha mpaka lini? Hebu niambie kwanza kinaniuliza nini.' Basi ikatuchukua jioni nzima. Nilitamani kulia, naapa. Lakini akabonyeza mwenyewe. Na mwanawe alipomwona akawa anacheka tu."

Akainywa ile chai baridi kwa mkupuo mmoja akaenda zake.

Kuanzia hapo hadi siku yenyewe alikuwa mtu mwingine, ingawa hakuwa mtu mwenye nguvu zaidi. Alikuja kwenye meza yangu akiwa ametia mikono yote miwili kwenye mifuko ya sweta.

"Soma," akaniambia, akinionyesha picha kwa kidevu.

Nikasoma.

"Kwa sauti."

Nikasoma kwa sauti, nikajisikia mjinga.

"Ukisema Ndiyo itakuwaje? Ukisema Hapana itakuwaje?" Nikajibu. "Utachagua lipi?"

"Wewe unasemaje?"

"Mimi sisemi," akajibu, na niliona jinsi ilivyomuuma kutosema. Alifanya hivyo kwa kila mtu. Mpakizi wa kiatu alimchukua karibu saa nzima, na Bi Nipishe akasimama pale akibadilisha mguu, mikono mifukoni.

Siku ikafika. Lori la chanjo lilirudi kinyumenyume hadi getini, injini ikinguruma, moshi wote ukaja kwangu. Meneja akaja akasimama karibu na mlango wa chumba cha baridi, mikono kifuani. Kompyuta ya Mama Chanjo iko kwenye kijumba kidogo hapo mlangoni, na kabla boksi halijatoka lazima athibitishe joto kwenye programu moja, kisha aruhusu mzigo kwenye programu ya magari. Ukikosea neno la siri mara tatu, mfumo unakufungia mpaka kesho. Sote tulilijua hilo, na naye alilijua kuliko sisi. Bi Nipishe alisimama nyuma ya kiti chake.

Swali likatokea. Mama Chanjo akavua glavu, akajifuta midomo.

"Nibonyezee, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo.

"Siwezi, mama. Soma."

Akasoma. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, mpaka jina lake mwenyewe chini.

"Ukisema Ndiyo?"

"Inanifungulia yenyewe. Leo na siku zote."

"Ukisema Hapana?"

"Naandika neno la siri kila mlango."

"Ni hayo tu. Hakuna lingine."

Meneja akakohoa. "Ofisa, mbonyezee tuondoke hapa."

"Kanuni hairuhusu, bosi," Bi Nipishe akasema bila kumgeukia.

Mama Chanjo alikitazama kioo muda mrefu. Kisha akashika mausi, akabonyeza. Nilikuwa nimesimama mahali ninapoona vizuri. Alikuwa amebonyeza Hapana.

Bi Nipishe akainama. "Mama, umesoma vizuri?"

"Nimesoma. Mwaka ule mlango ulikuwa mmoja, nikaufungua, wakaingia kote." Hakuipandisha sauti. "Sasa kila mlango nataka niufungue kwa mkono wangu. Si umesema naruhusiwa?"

"Nilisema."

Basi akaanza kuandika. Vidole vyake vilikuwa kwenye baridi tangu alfajiri, vimekakamaa, na neno lake la siri ni refu, maana Bi Nipishe ndiye aliyemshurutisha aweke refu. Kompyuta ikakataa. Akaandika tena. Ikakataa tena, na maandishi mekundu yakamkumbusha kwamba imebaki mara moja. Meneja akateremsha mikono kutoka kifuani. Nikaona mkono wa Bi Nipishe ukitoka mfukoni wenyewe, ukasogea hadi jirani na kibodi, kisha ukarudi mfukoni.

Mama Chanjo hakuandika. Aliingiza mikono yote miwili kwapani, ndani ya koti.

"Tunangoja nini?" meneja akauliza.

"Vidole," Mama Chanjo akasema.

Dereva Mkuu, ambaye sijawahi kumwona akinyamaza bila kulala, alipanda kwenye lori akazima injini. Tukangoja vidole vya mwanamke vipate joto. Kisha akavitoa, akavikunja akavikunjua, akaandika herufi moja moja, midomo ikitamka bila sauti. Akabonyeza.

Ikafunguka.

Akasoma joto, akaliandika. Programu ya magari nayo ikamwuliza swali lilelile, akabonyeza Hapana papo hapo, akaandika neno lake la siri, likakubali mara ya kwanza. Meneja alitazama saa yake, akatazama jua nje, akaondoka. Bi Nipishe aliegemea fremu ya mlango, uso umempauka kwa uchovu. Alikuwa palepale kwenye njia ya kutokea mzigo, na sidhani kama alijua.

Mama Chanjo akavaa glavu, akapakia boksi la kwanza kwenye mkokoteni, akalisukuma hadi mlangoni akasimama.

"Nipishe, mwanangu," akasema.

Na Bi Nipishe akajibana ukutani, mikono bado mifukoni, akampisha.